Kuonja, Kunywa, Kulewa: Mgema na Hukumu ya Jamaa Zake katika Methali, Wimbo na Riwaya za Unguja

Utangulizi

Ni mafundi wachache wanaotajwa mara nyingi katika Kiswahili na kutazamwa mara chache kama mgema. Wanafunzi wa skuli, Unguja na Bara, wameandika insha zisizo idadi juu ya methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na karibu wote wameandika jambo lilelile: sifa humharibu mtu. Insha ikimalizika, mgema huachwa juu ya mnazi wake. Haulizwi anamgemea nani, ni nani aliyemsifu, wala ilikuwaje, katika kisiwa ambacho wakaazi wake takriban wote ni Waislamu, methali ya muuza kileo ikawa mali ya watu wote, wakiwamo wale ambao hawajapata kulitia tembo ulimini.

Makala haya yanachunguza jinsi mgema na mnywaji wanavyohukumiwa na watu wao wa karibu, yaani mke, wazazi, ndugu, jirani na marafiki wa barazani, kama hukumu hiyo inavyojitokeza katika methali, katika wimbo mmoja wa taarab ya zamani, katika riwaya mbili za waandishi wa Zanzibar, na katika maisha ya msanii mmoja ambayo yamekwishakuwa matini ya umma. Inadaiwa humu kuwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipokea hukumu ya jamaa kama ilivyo na kuirudia kwa lugha ya kitaaluma. “Ulevi” huorodheshwa chini ya kichwa cha dhamira, baina ya ukahaba na unafiki, kisha mhakiki akapita. Lakini hukumu yenyewe ni tendo la kijamii lenye historia, lenye lugha yake na lenye faida kwa baadhi ya watu, na fasihi ya Unguja imeliona hilo mapema kuliko wahakiki wake.

Dhana ya unyanyapaa iliyofafanuliwa na mwanasosholojia Erving Goffman katika kitabu chake cha mwaka 1963 inasaidia kwa kiasi. Goffman alitofautisha mtu ambaye doa lake linaonekana na mtu ambaye doa lake limefichika lakini linaweza kufichuka wakati wowote, na akaonesha kuwa doa humfikia hata asiyelitenda, kwa sababu tu ya udugu. Hata hivyo dhana hiyo haitoshi peke yake. Goffman hakuwa na neno “stara”, na bila ya neno hilo sehemu kubwa ya maisha ya Mji Mkongwe haielezeki.

Vitenzi vitatu

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyopangana kama vidato vya ngazi: kuonja, kunywa na kulewa. Katika mazungumzo ya kawaida vidato hivyo havilingani. Kitenzi “kunywa” kikitumika bila yambwa tayari ni shutuma. Ukisema “fulani anakunywa”, hakuna Mswahili atakayedhani ni chai. Nomino “mnywaji” ipo, lakini barazani hutumika kidogo. Anayetumia kileo huitwa “mlevi”, awe amepepesuka au hakupepesuka, awe amekunywa jana au miaka kumi iliyopita. Lugha ya hukumu imekiruka kidato cha kati. Ndiyo maana watumiaji wenyewe wamejitengenezea misemo ya pembeni, wakapiga mtindi, wakapiga ulabu, wakatumia maji makali, ili walitaje jambo lao bila kujitaja kwa jina wanalopewa na wengine.

Hapo mgema anaingia katika taabu ya pekee. Mnywaji wa kawaida anaweza kukataa kuwa anakunywa. Mgema hawezi kukataa kuwa anaonja, kwa kuwa kuonja ndiyo kazi. Hupanda mnazi mara mbili au zaidi kwa siku, akaikata upya ncha ya karara kwa kotama, akakitungika kitoma na kukiteremsha kilichojaa. Tembo la mnazi huu si la mnazi ule, na la asubuhi si la jioni. Hakuna kifaa kinachomwambia kuwa limekolea au limeharibika isipokuwa ulimi wake. Mke akiuliza, “Umeonja au umekunywa?”, anauliza swali ambalo jibu lake halina ushahidi. Harufu ni ileile. Bila shaka si kila mgema ni mlevi, na si kila mke anayeuliza ni mchokozi. Swali lake, kama itakavyoonekana, lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika.

Kwa upande wa fikihi, swali hilo halina nafasi kabisa. Waislamu wengi wa Unguja hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo kinacholevya kwa wingi wake ni haramu hata kwa uchache wake. Madhehebu ya Hanafi, katika maandiko ya awali, yaliwahi kubishania vinywaji visivyotokana na zabibu na kiwango chake. Mjadala huo haukupata makao katika mwambao huu. Kwa Mshafii tone moja na mtungi mzima vina hukumu moja. Kuna mgongano basi kati ya lugha na sheria: lugha ina vidato vitatu, sheria ina kimoja. Jamaa wa mgema wanaishi katikati ya mgongano huo, na fasihi nayo imesimama hapohapo.

Saa ya kitoma

Lipo jambo jingine ambalo wahakiki wa methali hulipita, pengine kwa sababu linahusu zaidi jikoni kuliko fasihi. Utomvu unaodondoka katika kitoma ni mtamu na haulevyi. Hamira ya asili iliyomo hewani na katika kitoma chenyewe huanza kazi mara moja, na ndani ya saa chache tembo tamu huwa tembo kali. Kwa siku nzima kileo chake hufikia kama asilimia 4 au 5, sawa na bia. Likiachwa zaidi huchachuka, likageuka siki. Katika fikihi ya Shafii siki iliyogeuka kwa nafsi yake, bila ya kutiwa kitu, ni tohara na ni halali. Wapo pia wanaolichemsha tembo tamu likiwa bado halijakolea, wakapata asali.

Kitoma kimoja, kwa hiyo, hupitia hukumu tatu bila ya kubadili mahali: halali asubuhi, haramu alasiri, halali tena baada ya siku kadhaa. Mgema hatendi kosa kwa kugema. Hutenda kosa, ikiwa analitenda, kwa kungoja kidogo au kwa kutongoja vya kutosha. Shangazi asiyeitikia salamu ya mgema anaweza kuwa na chupa ya siki ya tembo katika kabati lake la achari. Mfano huo haukutolewa kwa kejeli. Unaonesha kuwa hukumu ya jamii haikufuata kitu wala fundi wake, ilifuata saa. Na kwa kuwa saa haionekani kwa macho ya jirani, jirani humhukumu mtu.

Methali na watu waliokosekana ndani yake

Ikisomwa kwa ukaribu, methali ya mgema inashangaza. Ndani yake tembo si kosa. Hakuna neno moja linalolilaumu tembo, wala kumlaumu anayelinywa. Kosa ni maji. Mgema analaumiwa kwa kupunguza ukali wa kileo, yaani kwa kumdhulumu mnywaji haki yake! Kama methali ingekuwa imetoka kwa mke wa mgema au kwa imamu wa msikiti wa karibu, kulitia tembo maji kungekuwa hatua ya kwanza ya toba. Methali hii inasema kwa sauti ya mteja. Ni mteja aliyesifu, ni mteja aliyepunjwa, na ni mteja aliyetunga.

Aidha, methali inafichua ulevi mwingine. Kiswahili husema mtu amelewa sifa, kama kisemavyo amelewa madaraka au amelewa mapenzi, na hata abiria wa jahazi husemwa amelewa bahari. Mgema wa methali amelewa, lakini hakulewa tembo lake. Amelewa maneno ya wanaolinywa. Walevi wake wako timamu kiasi cha kutambua kuwa kinywaji kimepunguzwa, na fundi aliye mkavu ndiye aliyepoteza akili. Kinaya hiki kimepotea katika insha za skuli kwa sababu methali imefundishwa kama onyo kwa anayesifiwa tu. Wasifuji hawajaulizwa lolote, ingawa kisarufi “akisifiwa” ni kitenzi cha kutendwa, na palipo na kutendwa pana mtenda aliyejificha.

Walio muhimu zaidi kwa makala haya, hata hivyo, ni wale wasiokuwamo. Methali ina mgema, ina tembo, ina maji na ina wasifuji wasiotajwa. Haina mke, haina mtoto, haina mama mzazi, haina jirani. Ni methali ya kilabuni. Jamaa wa mgema wamo katika matini nyingine kabisa, nayo ni hadithi maarufu ya Mtume inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya mvinyo: anayeukamua, anayekamuliwa, anayeunywa, anayeubeba, anayebebewa, anayeunywesha, anayeuuza, anayekula thamani yake, anayeununua na anayenunuliwa. Mpangilio huo unastahili kutazamwa. Mkamuaji ametajwa kabla ya mnywaji. Na miongoni mwa kumi yumo anayekula thamani yake, neno ambalo katika nyumba ya mgema halikai kitabuni. Linakaa jikoni. Mke aliyepika ugali kwa fedha ya tembo anajiuliza kama na yeye amo katika neno hilo, na watoto wake je? Hapa ndipo swali la “umeonja au umekunywa” linapopata uzito wake. Mke haulizi juu ya pumzi ya mumewe peke yake. Anauliza juu ya chakula chake mwenyewe, swala zake, na siku ambayo watu watakuja, au hawatakuja, kumposa binti yake.

Kwa sababu hiyo haitoshi kusema, kama wafanyavyo baadhi ya wasomaji wa kisasa, kuwa jamaa wanaomlaumu mgema ni wambea au wenye wivu. Wapo wambea, na baraza za Unguja hazikosi watu. Lakini lawama ya jamaa mara nyingi ni hofu ya kuingizwa katika laana ya mtu mwingine. Goffman angeiita hali hiyo doa la kuazimwa. Mke wa mgema hakuazima, ameolewa nalo.

Funika kombe

Dini hiyohiyo iliyoweka hukumu iliweka pia kizuizi cha hukumu. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupeleleza mambo ya watu na kusengenyana, na tangu Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipoitolea Qurani tafsiri yake ya Kiswahili, msomaji asiyejua Kiarabu anaweza kuisoma pamoja na aya za Suratul Maida zinazokataza ulevi. Mwislamu anatakiwa achukie kosa na pia asilichungulie. Stara ni daraja kati ya amri hizo mbili. Methali yake ya mtaani ni funika kombe mwanaharamu apite, na usanifu wa Mji Mkongwe, kwa milango yake mizito na kuta nene, unaonekana kana kwamba ulijengwa kwa ajili ya methali hiyo.

Matokeo yake ni mkataba usioandikwa. Jamaa wanajua, mnywaji anajua kuwa wanajua, na hakuna asemaye. Ndugu akirudi usiku anapita mlango wa nyuma. Mama anaacha chakula kimefunikwa na kawa, halali mpaka asikie komeo. Asubuhi haulizwi. Katika mkataba huu mnywaji wa chupa ana nafasi, kwa sababu chupa inafungika katika gazeti. Mgema hana nafasi hiyo. Mnazi ni mrefu, na mtu aliyeko juu yake huonekana na kijiji kizima. Doa lake ni la aina ya kwanza katika mgawanyo wa Goffman, lile lisilofichika, na hivyo jamaa zake hawawezi kumpa stara hata wakitaka. Labda ndiyo sababu hukumu dhidi yake huwa kali kuliko dhidi ya wateja wake: anawanyima watu wake fursa ya kujifanya hawajui.

Tofauti hii ina sura ya kitabaka ambayo haikuanza jana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mwaka uleule Zanzibar ilipotangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, ulizuia uingizaji wa vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za vileo za Afrika Mashariki ya kikoloni zilizoendelea kutungwa baadaye ziliwapanga watu kwa asili zao: huyu anaruhusiwa mvinyo, yule haruhusiwi. Siku hizi mpangilio ni mwingine, ila haujasahau ule wa kwanza. Mwanzoni mwa 2024 uhaba wa vileo katika mahoteli ya Unguja ulijadiliwa hadharani kwa wiki kadhaa kama tatizo la uchumi, na waziri aliyeshughulikia utalii alijiuzulu katika kipindi hichohicho. Bia ya mgeni inaweza kuzungumzwa na waziri. Kitoma cha mgema huzungumzwa na shemeji zake.

Kikapu katika wimbo wa Kijiti

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi nyimbo zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zilizohusishwa sana na kundi lake ni ule uitwao Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akachukuliwa katika safari ya ngoma na asirudi akiwa hai. Wimbo huu umechambuliwa zaidi kama shutuma dhidi ya ukatili wa mwanamume na dhidi ya mahakama, na uchambuzi huo ni sahihi. Kwa mada iliyopo hapa, kinachovuta macho ni kileo kilichofungashwa kwa safari. Kimo katika wimbo kama kimo katika kikapu, kimetajwa bila kupigiwa kelele.

Mtunzi mwoga angekiacha. Alijua wasikilizaji wake. Alijua kuwa palipotajwa mwanamke, usiku na kileo, baraza lingemhukumu marehemu kabla ya muuaji. Alikitaja hata hivyo, kisha akaendelea kumlilia marehemu. Hapa sanaa imefanya ambalo barazani ni gumu: imeyaweka mambo mawili pamoja, kwamba safari ilikuwa ya anasa na kwamba aliyeuawa ameonewa, bila ya jambo la kwanza kupunguza la pili. Wimbo hauwasafishi wasafiri. Unakataa tu kuwa kikapu ndicho kilichoua.

Riwaya: hukumu iliyotangulia kosa

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna analelewa ndani ya kuta za baba yake, Maksuudi, mtu wa heshima mbele za watu na mwenye dhuluma nyuma yao. Akitoka humo kwa kukimbia, anateremka hatua kwa hatua mpaka kwenye danguro na pombe. Uhakiki wa kawaida husoma mteremko huo kwa njia mbili: ama adhabu ya binti aliyekosa kusikia, ama matokeo ya malezi mabaya. Usomaji wa pili ni bora, lakini nao unaichukulia pombe kuwa kituo cha mwisho, mahali pa kupimia umbali alioanguka.

Yafaa kutazama mfuatano wa matukio. Maimuna alikwishafungiwa kabla hajatenda lolote. Ukuta ulikuwa hukumu, na ilitolewa mapema, kwa kosa ambalo angeweza kulitenda. Anapokunywa, hafanyi jambo jipya machoni pa nyumba yake. Analijaza tu jina alilokwishapewa. Mwandishi hakumfanya Maimuna awe mlevi mwenye furaha, na ingekuwa uongo kumfanya hivyo. Mwili wake unaharibika na riwaya haimwonei haya msomaji katika kuyaeleza hayo. Lakini aliyeinua kidole cha kwanza ni Maksuudi, na riwaya imehakikisha kwamba kidole hicho hakisahauliki.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, inaingia ndani zaidi, kwa kuwa inamweka mnywaji katika nafasi ya mwenyeji. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza angali mdogo mno, anapoikimbia ndoa anakataliwa na jamaa zake wenye heshima. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke wa nyimbo, wa ngoma na wa kinywaji, ambaye mpenzi wake, Sukutua, anajulikana zaidi kwa ulevi. Jina hilo limeteuliwa kwa mkono mwepesi: kusukutua ni kukitia kitu kinywani, kukizungusha na kukitema, na Sukutua hatemi.

Miongozo ya wanafunzi humweka Mwajuma mahali pawili. Chini ya “mapenzi na urafiki” anasifiwa; chini ya “ulevi na uasherati” analaumiwa. Kugawanywa huku ndiko kunakostahili kuulizwa, kwa kuwa riwaya haimgawi. Nyumba iliyompokea Yasmin ni nyumba ileile yenye kileo, na haikumpokea licha ya kileo hicho. Mwajuma anaweza kumpokea msichana aliyefukuzwa kwa sababu hana tena sifa ya kulinda. Amekwishahukumiwa. Nyumba ya mjomba haikuweza kumpokea kwa sababu ilikuwa na mengi ya kupoteza, na hapo hukumu ya jamaa inaonekana kwa bei yake halisi: inalinda mlango hata kwa gharama ya mtoto aliyeko nje.

Hata hivyo kuna upande ambao riwaya inaupita kwa haraka. Sukutua anachekesha, na kicheko kimemwokoa asiulizwe. Nani analipa kinywaji chake? Msomaji akizihesabu shilingi za nyumba hiyo atagundua kuwa ukarimu wa Mwajuma una matundu mawili, moja la Yasmin na moja la Sukutua, na ni la kwanza tu ambalo riwaya imelitukuza. Adam Shafi, aliye hodari wa kuona unyonyaji bandarini na katika mashamba, hakuutafuta sana katika chumba hiki. Pengine alihofia kuisaidia sauti ya mjomba. Amil Shivji, alipoitengenezea riwaya hii filamu mwaka 2021, alikazia zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kisiasa, na swali la matumizi ya nyumbani kwa Mwajuma likabaki lilipokuwa.

Binti wa muuza nazi

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, anatajwa katika wasifu wake kuwa binti wa muuza nazi. Aliimba taarab kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, alikuwa somo wa unyago aliyewafunda wasichana wengi wa Unguja, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alivuta sigara na kunywa bia bila ya kujificha, hata mbele ya kamera za filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Andy Jones mwaka 2006. Hakukubali mkataba wa stara. Alivunja sharti lake la msingi, kwamba mnywaji awasaidie wenzake kutokujua.

Ingetarajiwa basi kuwa ahukumiwe kama mgema aliye juu ya mnazi, na alihukumiwa, wapo waliosema. Lakini wazazi waliendelea kumkabidhi mabinti zao awafunde. Ukinzani huu hauelezeki kwa kusema kuwa alikuwa maarufu, kwani ualimu wake wa unyago ulitangulia umaarufu wa Ulaya. Maelezo ya karibu zaidi ni kuwa jamaa na jirani walimpima kwa kazi iliyokuwa haina mbadala. Alijua kitu ambacho wao walikihitaji na wasingekipata kwa mtu mwingine, na penye haja ya namna hiyo hukumu hujifunza kunyamaza. Wazee kadhaa walimwita kikongwe asiyejali. Neno hilo, likisikilizwa vizuri, ni ruhusa iliyofanywa ionekane kama karipio. Umri nao ulimsaidia. Mwanamke wa miaka 25 mwenye chupa mkononi asingepewa neno hilo, na Mwajuma wa riwayani hakupewa.

Tofauti baina ya Bi Kidude na mgema haimo basi katika kiasi cha kileo wala katika kuonekana. Wote wawili wanaonekana. Imo katika swali la nani anamhitaji nani, na kwa saa gani ya siku. Mgema anahitajiwa na wateja wake, lakini wateja hawaendi naye nyumbani. Wanamsifu kilabuni na kupita njia nyingine wakimwona na watu. Kama methali ingeendelezwa kwa kituo kimoja zaidi, ingebidi kueleza jinsi mgema aliyesifiwa alivyorudi jioni, kotama kiunoni, sifa zikiwa zimebaki kule zilikotolewa, na mkewe akamsogelea karibu na uso kabla ya kumtengea maji ya kuoga.

Bi Kidude alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013. Umati ulimzika Unguja, viongozi wa nchi wakiwamo, akaswaliwa kama anavyoswaliwa Mwislamu yeyote. Katika mazishi hayo hakuna aliyehitaji kulifunika kombe, kwani lilikuwa wazi kwa miaka mingi na kila aliyebeba jeneza alikwishaona kilichomo.